Mafuta ya Papa Chini ya Gari ya Harusi

Milioni nne, laki mbili na elfu kumi na saba. Hiyo ndiyo gharama ya gari nzima, tangu kamba ya kuivutia mpaka utepe wa juu ya boneti. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili ilizidi elfu tatu, nikaamua kuiamini ile ya kwanza. Humo hamna chai za fundi, kwa sababu chai za fundi ukizihesabu unaweza kuwachukia binadamu wote. Kitu cha bei nafuu kuliko vyote katika hesabu hiyo ni dumu moja la mafuta ya papa, elfu kumi na tano, nililolipatana mwenyewe kutoka elfu ishirini na tano. Mpaka leo hakuna kilichotugharimu kama dumu hilo.

Gari si yangu. Ni ya mdogo wangu wa kike, na aliipata kwa mirathi. Mumewe alikuwa dereva wa teksi, mtu wa Mangapwani, Mungu amrehemu. Alipofariki, mdogo wangu alikaa eda kwa wakwe zake miezi minne na siku kumi, akatoka, na wiki hiyohiyo warithi wakaita kikao. Mjane mwenye watoto haki yake ni thumuni, fungu moja katika manane. Hilo halina mjadala. Mjadala ulikuwa thumuni ya nini. Palikuwa na nyumba ya vyumba vinne, minazi kadhaa, na ndani ya banda la makuti nyuma ya jiko palikuwa na gari ndogo ya Kiingereza ya milango miwili, mgongo umebinuka kama kasa. Marehemu aliiendesha ujanani, akaiweka pale siku ilipomzimikia. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Shemeji mkubwa, kaka wa marehemu, aliipigapiga boneti kama mtu anayeuza ng'ombe.

"Hii ni mali, shemeji. Siku hizi hazitengenezwi tena."

"Kweli," nikasema. "Na mtu haachi kutengeneza kitu bila ya sababu."

Mimi kazi yangu ni kununua na kuuza vitu vilivyokwishatumika: feni, majokofu, vyerehani, vitasa vya milango ya kale. Najua uso wa mtu anayetaka kukutwisha kitu. Nikaanza kumsogeza kwenye minazi, minazi na fedha kidogo, na alikuwa karibu kukubali, pale mdogo wangu aliposema, "Mimi naichukua gari."

Nikamkanyaga mguu. Akaukanyaga wangu.

Tulipobaki wawili akaniambia, "Kaka, nyumba ya vyumba vinne, warithi tisa. Thumuni yangu mimi ni ukuta. Ukuta n'tamkodisha nani? Gari nnaweza kuikodisha. Maharusi wa siku hizi wanataka picha, wanatafuta gari za kale kama hizi hawazipati."

"Na mpaka itengenezwe utakula wapi?"

"Kwako. Ndiyo maana nataka itengenezwe upesi."

Hakusema kwa kunitukana. Kwangu anakaribishwa, na watoto wake ni wangu. Lakini nilifahamu. Hakutaka kuwa mjane wa kupelekewa sahani iliyofunikwa kawa, leo kwa kaka, kesho kwa shangazi, na kila sahani ikarudi na shukrani ndefu. Alitaka kitu kinachomwingizia, kiwe chake, hata kama kina kinyesi cha kuku.

Basi, kwa yeyote anayetaka kufufua gari ya kale nyumbani kwake, la kwanza ni hili: usiangalie rangi. Rangi ni kanzu ya Idi, huvaliwa hata na mwenye madeni. Chukua sumaku. Yangu niliing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Ifunge kwa kitambaa laini, uipitishe kwenye bodi polepole, hasa chini ya milango, juu ya magurudumu na pembeni mwa taa. Panaponata pana chuma. Panapoteleza pana puti, ule udongo wa kuzibia mashimo, chini ya puti pana kutu, na chini ya kutu hapana kitu. Halafu inua mazulia. Nilipoinua zulia la upande wa dereva, sumaku ilianguka kabisa. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, nikasikia sauti ya nyumba. Marehemu alikuwa ameziba sakafu ya gari kwa saruji, tena saruji nzuri, imelainishwa kwa mwiko.

"Ilibaki alipojenga jiko," mdogo wangu akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu msiba nilipomwona akicheka. "Nilimuuliza mbona gari imekuwa nzito. Akanambia, wewe ndiye uliyenenepa."

Tuliivuta mpaka mjini nyuma ya lori la mchanga. Nyumba yetu iko Malindi, ndani ya kichochoro ambacho mkokoteni hupita kwa kusugua kuta. Gari haifiki mlangoni hata kwa dua. Lakini mwanzo wa kichochoro pana kiwanja cha nyumba iliyoanguka kwa mvua za masika, imebaki ngazi moja ya mawe inayopanda ikaishia hewani. Hapo tuliiweka, juu ya magogo.

Nasema magogo, na narudia. Wenzetu wengi hapa huinua gari kwa jeki, kisha wakatia chini yake mawe ya kuta zilizobomoka, kwa kuwa ni ya bure. Jiwe la matumbawe limebeba nyumba vizazi na vizazi kwa sababu limekaa na wenzake. Likiwa peke yake chini ya gari huvunjika kama kashata, bila ya kukuonya. Tofali la saruji ni hivyohivyo. Gogo likichoka hulia kwanza, nawe ukapata muda wa kutoka.

Injini tuliishusha, ikapakiwa mkokotenini, ikaletwa barazani petu, mahali ambapo wazee wa jirani huchezea dhumna. Walisogea wakaipa nafasi kama mgeni, kisha wakaanza kuipa ushauri. Fundi tuliyempata alikuwa mtu wa maneno machache, wa kulipwa kwa siku, na ndiyo sababu nilimkalia karibu. Yeye alitaka kuanza kufungua mara moja. Mdogo wangu akamzuia.

Hili nalo lishike: kabla hujafungua nati ya kwanza, piga picha kwa simu. Fungua, halafu piga tena. Kila kundi la nati na skrubu lipe kopo lake. Sisi tulitumia makopo ya maziwa ya unga, na mdogo wangu, ambaye ni mshonaji, aliufunga kila waya kipande cha kitambaa, na pale waya unapoingia akafunga kipande cha kitambaa hichohicho.

"Bi, unatengeneza gari au unashona gauni?" fundi akamuuliza.

"Gauni langu halijapata kutoka na mikono mitatu, fundi. Gari zako za kufungua bila alama zinatokaje?"

Siku ya kurudisha waya fundi hakuwa na mzaha. Alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, mkono umenyooshwa nje: "Nipe mwekundu. Nipe wa maua. Huu wa mistari mwenzake uko wapi?"

Injini ilikuwa imeganda. Mzee mmoja barazani alisema igongwe. Mwengine alisema irudishwe kwenye gari, itiwe gia ya pili, ivutwe na lori. Fundi aliwatazama. "Imelala miaka yote hii, leo mwataka kuiamsha kwa kofi?" Tukatoa plagi, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi ndani ya kila silinda, tukafunika, tukaacha. Kila asubuhi tuliongeza kidogo. Ukilazimisha injini iliyoganda utavunja pete za pistoni, na ukivunja pete umejinunulia msiba wa pili. Lakini katika kazi hii yote hakuna kigumu kuliko kuacha kitu kilivyo na huku watu wanakutazama.

Mdogo wangu alifanya desturi ya kuijaribu kila akirudi kutupa taka: anaweka spana kubwa kwenye boliti ya mbele, anasukuma taratibu, haiendi, anaingia ndani kupika. Asubuhi moja nilimsikia akiita kutoka nje.

"Kaka!"

"Naam!"

"Imenijibu!"

Nilitoka na kikombe mkononi. Ilikuwa imezunguka kidogo tu, kiasi cha mtu kugeuza shingo. Wazee walikuwa wameacha dhumna zao. Yule wa kugonga akasema ndiyo aliyokuwa akiyasema siku zote.

Kutoka hapo kazi ilikwenda. Tangi la mafuta tulilisafisha kwa kutia nati kuukuu na mafuta ya taa, tukalitikisa huku na huku mpaka kutu ikatoka kama chai ya rangi. Na tundu lake hatukulichomelea mpaka tulipolijaza maji, maana tangi tupu lina mvuke wa petroli, na mvuke huo haumjui fundi wala mwenye gari. Mipira yote ya maji na ya mafuta tuliibadilisha, hata ile iliyoonekana mizima. Mpira uliokaa bila ya kutumika haufi kwa kuonekana. Hufa siku ukiwa njiani. Saruji ya marehemu tuliing'oa kwa tindo, na mahali pake fundi wa kuchomelea akatia bati jipya. Viti tulimpelekea mtu wa magodoro, akavijaza usumba wa nazi kama zamani, kwa kuwa sponji ilikuwa ghali na mimi nilikuwa bado mwerevu.

Breki ndiyo mahali pekee niliponyamazishwa. Nilikuwa dukani Darajani, nimeshamteremsha muuzaji mara mbili kwenye bei ya silinda za magurudumu, na nilikuwa namuuliza kama hana zilizotumika kidogo. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu.

"Kaka," akasema, "bei ya breki unapatana na nani? Na Izraili?"

Muuzaji akacheka mpaka akaegemea rafu. Nikalipa alichosema. Ushauri wangu kwenu ni uleule: patana bei ya kila kitu, breki uziache.

Sasa nije kwenye dumu.

Adui wa gari kisiwani si barabara, ni chumvi. Haingojei uende baharini; inakufuata kwa hewa, inaingia kwenye maungio ya bati, inakaa. Gari ikishakwanguliwa chini na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, inataka kitu kizito juu yake. Ipo rangi nyeusi ya lami iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Fundi aliniandikia nikanunue. Nilipoulizia bei, nikatoka dukani kupata hewa. Nikawaza: watu wa vyombo vya baharini hupaka mbao mafuta ya papa, na mbao hizo zinakaa ndani ya chumvi yenyewe miaka nenda miaka rudi. Sasa mimi niliyeko nchi kavu nahitaji nini zaidi ya hapo?

Nikamwendea Mtumbatu mmoja wa makamo, mtu wa bahari, anayeuza mafuta hayo karibu na soko la samaki.

"Chombo chako kiko wapi?" akaniuliza.

"Kipo hapo nyuma ya msikiti."

"Nyuma ya msikiti pana maji?"

"Pana gari."

Akaniangalia vizuri. "Gari utaipaka papa."

"Si nyinyi mnapaka kwa ajili ya chumvi? Na mimi chumvi ndiyo inayonila."

"Sisi tuna upepo, bwana," akasema.

Nikaona ananipandishia bei kwa njia ya mbali. Nikamwambia kwa elfu ishirini na tano bora nipake samli. Akashuka mpaka kumi na tano palepale. Mimi mtu wa soko. Muuzaji akishuka upesi hivyo, simama, jiulize anafurahia nini. Sikusimama. Nilibeba dumu langu nikarudi nyumbani, nikapaka chini yote, ndani ya milango, kwenye kila ungio na kila tundu. Nilipaka mara mbili, kama ninavyofanya kila kitu.

Ilikuwa kipupwe, jua la upole. Harufu ilikuwapo, sikatai. Lakini sisi watu wa Malindi. Soko la samaki liko jirani; tunaamka nalo, tunalala nalo, na mgeni akitwambia pana harufu tunamuuliza harufu gani. Fundi naye anakaa Malindi. Paka wa mtaa mzima walihamia chini ya gari, tukasema masikini, wamependa kivuli.

Rangi juu ikawa nyeupe ya maziwa, vyuma vikang'arishwa, mdogo wangu akashona mapazia madogo ya kioo cha nyuma. Injini ilipowaka mara ya kwanza kiwanjani alikaa ndani peke yake, madirisha yamefungwa, mikono juu ya usukani. Sikumfuata. Ulipoingia Shaabani, wakati ambapo kila mtu anataka kuoza mwana kabla ya Ramadhani, alikuwa ameshachukua arbuni, malipo ya kutangulia, ya harusi tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya Tunguu. Bi harusi tumchukue kwao mchana, tumpeleke Mbweni kwenye ukumbi. Kaskazi imeshika, jua linapiga la kweli. Nilikuwa dereva mimi, na mdogo wangu pembeni, baibui mpya. Njia nzima madirisha wazi, gari inakwenda kama cherehani. Watu wanatupungia. Mdogo wangu anahesabu kwa vidole: harusi tatu Shaabani, baada ya Idi kumi, akipata kumi atapanga chumba na ukumbi wake mwenyewe.

Tulifika, tukasimama juani mbele ya nyumba. Injini sikuizima, kwa kuwa injini ya kale ikiwa na moto usiizime penye watu. Inaweza kukataa kuwaka ikakufedhehesha. Basi bomba la moshi likaendelea kupasha bati, na bati likaendelea kupasha kile nilichokipaka. Wanawake walitoka kwa vigelegele. Kigelegele cha mbele kikakatika katikati.

Mama wa bi harusi akaja mpaka dirishani.

"Shikamoo, Bi," nikasema. Mkubwa kwangu hakuwa, lakini niliona patafaa.

Hakuitikia. "Mmepitia sokoni?"

"Hapana, Bi."

"Basi mna samaki ndani."

"Hamna samaki, Bi, wallahi."

Paka wa nyumba akatoka ndani, mkia juu, akapita katikati ya miguu ya wanawake, akaingia chini ya gari, akakaa.

"Na huyu je," mama akauliza, "naye amekuja harusini?"

Nilianza kueleza habari za chumvi na kutu. Hakuna aliyekuwa na haja. Tunguu hawana soko la samaki nyuma ya nyumba. Pua zao zilikuwa mpya. Mdogo wangu alikuwa ameshateremka. Nilidhani atalia. Akasema, "Bi, naomba chetezo." Ndani walikuwa wanamfukiza bi harusi, moshi wa udi unatoka mpaka mlangoni. Akaletewa chetezo kina makaa mekundu, akakiweka ndani ya gari juu ya sinia, akafunga milango na madirisha, akasimama mbele yake kama askari. Tulingoja. Alipofungua, ilitoka harufu ambayo sijapata kuikuta kabla wala baada ya siku hiyo: papa aliyealikwa harusini, akaoga, akavaa, akaja.

"Aitwe mjomba wake alete gari yake," mama akasema.

Hapo bi harusi mwenyewe akatokeza mlangoni, shela mpaka chini, hina mpaka viwikoni. "Mama, watu wote nimeshawaambia nakuja na gari hii. Nikishuka kwenye ile ya mjomba ya kubebea mbao, watasemaje?" Akamgeukia mdogo wangu. "Dada, ikienda inanuka?"

"Ikienda hainuki, mwanangu. Ikisimama ndiyo inanuka."

"Basi isisimame."

Upepo. Hapo ndipo nilipomwelewa yule Mtumbatu.

Msafara wa harusi kwetu hutambaa. Honi, nyimbo, kila penye watu hupunguzwa mwendo ili waonwe. Wetu ulikimbia. Tulitoka Tunguu kama tunaokimbizwa, bi harusi nyuma ameshika shela kwa mikono miwili, mama yake ameng'ang'ania kiti, mdogo wangu amechungulia nje anawaashiria watu wapishe. Kilichotoka kwetu kiliwaendea waliotufuata. Kwenye kioo niliona gari la mashangazi linafunga madirisha, moja baada ya jingine, katika joto lile. Breki zilishika vizuri kila mahali. Mbweni tulipiga picha mbili tu, mpiga picha ameziba pua kwa bega, bi harusi anacheka kweli, si kwa kuigiza. Ni picha nzuri, wanasema walioiona. Harufu haitoki kwenye picha.

Mama wa bi harusi alimwita mdogo wangu kando. "Arbuni mshaichukua. Iliyobaki n'tafulia shela."

Nilifungua mdomo. Shela haifuliwi kwa fedha zote zile, na nilikuwa tayari na hesabu. Mdogo wangu akanitangulia.

"Haki yako, Bi. Na utuwie radhi."

Tulirudi mjini madirisha wazi. Nilikuwa nangoja anilaumu. Tulipofika kiwanjani nikazima injini, paka wakaja, nikasema, "Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Elfu kumi na tano yangu."

Akavua ushungi akaupepea. "Kaka, tangu alipokufa mume wangu, kila mtu anayenikabili ananionea huruma. Anateremsha sauti kama anazungumza na mgonjwa. Leo yule mama kanikasirikia. Kanikasirikia kama mtu anavyomkasirikia mtu aliyemlipa kazi, kazi ikawa mbaya." Akafungua mlango. "Sikujua kama nimeitamani hasira ya watu. Ila moja tu, Kaka. Hasira ya pili itanibakisha kwako."

Na hapo ndipo tulipo. Harusi mbili za Shaabani bado ziko mkononi. Watu wa moja, wa Bububu, wameshapiga simu kuuliza, "Ndiyo ile ya papa?" Mdogo wangu akawajibu ndiyo, lakini tunaitafutia dawa, na isipopatikana arbuni yao watarejeshewa. Arbuni yenyewe ameshamlipa mwenye chumba anachotaka kuhamia.

Tumejaribu sabuni ya unga na maji ya moto. Papa akawa safi. Tumejaribu ndimu, ndoo nzima. Tumejaribu mkaa ndani ya mifuko chini ya viti, na machicha ya kahawa tuliyoyaomba kwa muuza kahawa; gari sasa inanuka kama mkahawa uliomwagikiwa na samaki. Usumba wa viti umenyonya, na usumba mpya ni fedha ambazo hatuna. Fundi anasema mafuta yanaweza kuunguzwa kwa moto wa gesi, lakini akisema hivyo anaangalia upande wa tangi la petroli, na mimi namwangalia yeye. Rangi ya lami haikamati juu ya mafuta, tumeshajaribu ubavuni, ikabanduka kama ngozi ya muhogo uliochemshwa. Na ukiyaondoa yote kwa dizeli, maungio yanabaki uchi, masika yanakuja, na chumvi haina likizo. Maana kwa haki niseme: nimelala chini ya gari ile na tochi, nimetafuta kutu kila mahali mara mbili, sijaiona hata doa.

Kwa hiyo nauliza, wala sioni haya. Nyinyi mliokaa na vyombo, mliokaa na gari, na nyinyi kina mama mnaojua kutoa harufu kwenye kila kitu nyumbani: ni kitu gani kinachotoa harufu ya mafuta ya papa kwenye usumba na kwenye maungio ya bati bila ya kuliacha bati wazi? Anayejua atwambie, na atwambie kama alikijaribu mwenyewe au alisikia tu. Harusi ya Bububu ni Ijumaa ijayo.